Chumba cha Juu ya Kitanda cha Tata

Kinyesi cha popo kikichanganyika na mbao kuukuu kina harufu yake, na hakuna dawa ya dukani inayoweza kuifunika. Ilinipiga puani mwezi uliopita nilipokuwa nampeleka mchoraji wa ramani darini, katika ile nyumba ya mzungu pale Nyansiongo, ambayo leo ni yangu. Nasema yangu, na mnisikie vizuri. Mimi niliyeacha shule darasa la saba nina duka la mabati Keroka, nina malori barabarani, na nina nyumba yenye bomba la moshi la matofali ambayo wenye digrii wakipita wanapunguza mwendo waiangalie. Wana wa mwenye nyumba walikunywa ng'ombe kilabuni, wakanywa shamba la chai, mwisho wakafikia nyumba. Nikainunua mzee akiwa ndani.

Yule kijana mchoraji akaweka kompyuta yake magotini, akaanza maswali yake: ngazi ipite wapi, bafu likae wapi, na hiki chumba kikubwa chenye dirisha ni cha nani? Nikamuuliza chini yake kuna nini. Akaangalia mchoro.

"Ni pale mzee analala, bosi."

"Basi andika hapo juu nitalala mimi na mke wangu."

Akaandika. Yeye ni mtoto wa Nairobi, hakuona kitu. Nyinyi nitawaeleza.

Nilikulia nyumba ile. Mzee tulimwita Tata, yaani baba, sisi watatu: Mokaya, Nyabuto na mimi. Mke wake tulimwita Mama. Tulikula sinia moja na tulichapwa fimbo moja, ingawa sasa nikikumbuka, fimbo hiyo ilikuwa inaanzia kwangu na kuchoka kabla haijawafikia wale wawili. Sikuona ajabu. Nilijua tu kwamba mimi ndiye mwenye mgongo mgumu, na nilijivunia hata hilo.

Desemba moja tukatahiriwa pamoja. Kwetu kijana akishatahiriwa hawezi tena kulala nyumba moja na wazazi wake; anajengewa kibanda chake uani. Lakini Tata alikuwa mtu wa maringo. Hakutaka vibanda vya udongo vichafue nyumba ya mzungu ambayo baba yake aliinunua wazungu walipohama. Akasema tutalala darini, na tutapanda kwa ngazi ya nje, tusipitie mlango wa wazazi. Kwa hesabu yake hiyo ilikuwa nyumba nyingine kabisa, imepanda tu mgongoni mwa ya kwanza.

Akamwita fundi Ouma, mtu wa upande wa ziwa, mrefu, mwenye kalamu sikioni na utani usiokwisha. Sisi tulikuwa bado hatujapona vizuri, tumejifunga mashuka, tunatembea kama bata. Tukapanda naye hivyo hivyo, maana nani angekubali kupangiwa chumba akiwa hayupo? Juu kulikuwa na joto la mabati na vumbi la miaka. Ouma alitembea katikati, chini ya kilele cha paa, kisha akasogea pembeni polepole mpaka kichwa kikagusa mbao. Hapo akapiga mstari wa chaki.

"Ndani ya mstari mtu anaishi," akasema. "Nje ya mstari anatambaa. Kitanda kiwekeni nje, miguu haihitaji kusimama ikilala."

Bomba la moshi lilipita katikati, kwa hiyo lenyewe likawa ukuta. Upande mmoja Ouma akachora vyumba viwili vidogo: kimoja juu ya jikoni, chenye joto na moshi, kingine juu ya stoo, chenye giza. Upande wa pili akachora kimoja tu, kikubwa, chenye dirisha la mzungu lililoangalia mashamba ya chai mpaka mbali. Kabla Ouma hajarudisha chaki mfukoni Mokaya alikuwa amekaa chini ya dirisha hilo, amekunja mikono.

"Mimi ndiye mkubwa. Nyinyi kaeni na panya."

Sasa Magokoro, nyanya yetu mzaa Tata, alikuwa amesukumwa ngazini kwa shida ili naye aone. Akauliza kwa Kikisii chini ya chumba hicho kuna nini. Ouma hakukijua Kikisii sana, lakini swali alilielewa. Akagonga sakafu kwa nyundo.

"Hapa chini ni kitanda cha mzee na mama watoto."

Mkongojo wa Magokoro ukatua kwenye paja la Mokaya. "Toka hapo! Unataka kukanyaga kichwa cha baba yako?"

Hiyo ndiyo chinsoni, ile haya iliyowekwa kati ya mzazi na mwanawe. Kijana aliyetahiriwa hatazami kitanda cha baba yake, sembuse kutandika cha kwake juu yake na kusikia kila kinachosemwa huko chini. Mokaya akaondoka anachechemea. Nyabuto hakujaribu hata kusogea.

"Sasa mama," Ouma akasema, "chumba kizuri hivi niweke nini? Viazi?"

Tata, aliyepanda nyuma ya mama yake, akakuna kidevu. Akatuangalia mmoja mmoja, kama mtu anayetafuta gogo la kuegemeza mlango. Macho yakasimama kwangu.

"Huyu atalala hapa."

Nikakaza paja kungoja mkongojo. Magokoro alinitazama kutoka kichwani mpaka miguuni, kisha akatikisa kichwa kukubali. "Ee. Huyu hana shida."

Mokaya na Nyabuto wakaangua kicheko mpaka wakashika vidonda vyao. Nilidhani wanacheka kwa wivu. Ouma naye akanipiga begani. "Mura, kijana wangu, umebahatika! Wenye nyumba wamekosa dirisha, wewe umepata!"

Jamani, nilivyoringa! Nilikuwa na chumba kikubwa kuliko cha mtoto yeyote Nyansiongo nzima. Niliwapandisha wenzangu wa darasani mmoja mmoja wakaangalie dirisha. Nilimwambia mpokea maziwa. Nilimwambia mwalimu wa hesabu, na bila kuulizwa nikamweleza kwamba kiko sawasawa juu ya kitanda cha Tata, kwa sababu mimi ndiye anayeaminiwa zaidi. Mwalimu akaweka kalamu chini, akaniambia nikakae.

Shangazi Kemunto, dada yake Tata aliyeolewa mbali, alipokuja Krismasi iliyofuata nilimshika mkono nikampandisha. Alisimama dirishani.

"Hapa ni juu ya wapi?" akauliza.

Nikamwambia. Akatoka dirishani, akaenda kukaa kwenye ngazi, leso usoni, na nikafikiri amechoka kupanda. Nikamcheka, nikamwambia amezeeka.

Tulikuwa na ndevu tayari Tata alipowaita wazee kugawa shamba. Walizunguka asubuhi nzima na vigingi na kamba, mimi nikiwabebea nyundo. Ardhi yote ikaisha kwa Mokaya na Nyabuto. Nikangoja. Wazee wakaanza kupangusa viatu.

"Tata, na upande wangu?"

Hakupandisha sauti. Alikuwa hata anatabasamu. "Miaka yote hii umetembea juu ya kichwa changu usiku na mchana. Umewahi kunisikia nikilalamika? Mwanangu ningemruhusu?"

Wazee wakacheka, si sana, kama mtu anavyocheka kitu alichokisikia zamani.

"Mtoto wa dada hafungwi na chinsoni," akaendelea. "Ndiyo maana ulitufaa kwa kile chumba. Kemunto alikuzalia hapa akiwa msichana, akaolewa, akakuacha. Nenda umuulize baba yako ana shamba wapi."

Niligeuka kumtafuta Mama. Alikuwa mlangoni anachambua chinsaga, ile mboga yetu chungu, na mikono yake haikusimama. Nyabuto akaniambia, "Binamu, ukitoka usiache godoro. Tunataka kuweka mbolea huko juu."

Watu wakisikia habari hii husema kilichoniuma ni shamba. Shamba nimenunua, tena kubwa kuliko lao. Kilichonichukua miaka kukielewa ni siku ile ya chaki. Chini ya paa lile walijua wote, kuanzia kikongwe hadi Nyabuto aliyekuwa mdogo kwangu, na kila mtu wa Nyansiongo angejua papo hapo akiambiwa tu kijana fulani analala wapi. Hakuna aliyehitaji kunisengenya. Nilizunguka kijiji kizima mimi mwenyewe, kifua mbele, nikiwaambia mlango kwa mlango kwamba mimi si mtoto wa pale, na nikawapandisha ngazi waone.