Alama za Fundi Makochi

"Yule fundi makochi usimzoee," jirani yangu Mama Mapacha aliniambia tukiwa tunafua. "Sura yake ipo kwenye kompyuta za benki. Ukiingia benki yoyote wakifungua tu, unamkuta anakutazama."

"Sura yenyewe, au jina?"

"Vyote! Alikopa huku na huku akaruka. Mimi simsemi mtu vibaya, ila simu yako ifiche. Namba yako ikishaingia kwake, deni lake linakuwa lako."

Mama Mapacha akikwambia hamsemi mtu vibaya, ujue ndiyo kwanza anakunja mikono ya gauni aanze kazi. Lakini nilimsikiliza, kwa sababu tulikuwa wageni pale, na chumba cha fundi kinatazamana na changu. Mume wangu ni mlinzi, kazi yake iko mbali, huja mwisho wa mwezi. Kwa hiyo ukimwacha mwanangu, mtu niliyekuwa namwona kutwa nzima ni huyo huyo niliyeambiwa nisimzoee.

Asubuhi alikuwa anavuta kochi la mteja mpaka kibarazani, analilaza chali, anachana kitambaa cha zamani. Mwanzo nilidhani ana maringo. Nikimwamkia "shikamoo fundi", ananijibu kwa nyusi. Siku moja akageuka upande wangu, nikaona misumari imejipanga katikati ya midomo yake kama meno ya ziada. Tangu hapo nikawa nangoja aiteme ndipo nimsalimie, naye akawa anaitema mapema akiniona natoka.

Chumbani kwake kulikuwa na kitanda, cherehani, na kochi la mtu. Leo la rangi ya damu ya mzee, wiki ijayo la maua, kisha nalo linaondoka. Yeye mwenyewe alikalia ndoo ya rangi iliyofunikwa ubao. Nilimuuliza kwa nini asipumzike kwenye kochi wakati liko pale pale.

"Likikaliwa kabla mwenyewe hajalipokea, linakuwa limeshatumika," akasema. "Yeye amelipia jipya."

Alichokikuta ndani ya makochi, sarafu, vibanio vya nywele, hata hereni, alikifunga kwenye kipande cha kitambaa na kukirudisha pamoja na kochi. Nikawa namwangalia nasema moyoni, huyu ndiye aliyeruka na mikopo?

Simu yake haikuwa inalia. Huwa tunalalamika simu zinatusumbua, lakini simu isiyolia kabisa inatia huruma. Alikuwa anaitoa mfukoni, anaifuta kioo kwa shati, anaitazama, anairudisha.

Aliyetuzoesha ni mwanangu. Alitambaa akavuka ua, akaingia kwenye marundo ya sponji, akatafuna kipande. Nilipofika mbio, fundi alikuwa ameshampokonya na kumpa kipande cha mbao kilichopigwa msasa.

"Anaitwa nani huyu mwizi wa mali?"

"Tunamwita Kadogo."

"Basi Mama Kadogo, mlete hapa. Akianguka, ataangukia sponji." Akamkatia mraba mzima. Kutoka siku ile mwanangu alishinda kule, nami nikiwa napeta mchele au nashona vifungo, tunaongea.

Habari yake nilipewa vipande vipande. Kazi ya makochi, alisema, ina desturi yake. Mteja anatanguliza arubuni kabla ya kazi, lakini arubuni yake hainunui sponji yake. Inanunua kitambaa cha mteja wa jana, ambaye arubuni yake ilimalizia kochi la mteja wa juzi. Mafundi wote wanaishi hivyo na hakuna anayeona vibaya, mradi wateja waendelee kuja. Yeye alipata kazi ya nyumba ya wageni, vyumba vyote. Mwenye nyumba akachelewa kulipa. Fundi akakopa kwenye simu ili anunue sponji.

"Ni rahisi sana, Mama Kadogo. Hakuna wa kukuuliza. Unabonyeza, pesa hii hapa. Nikaona kumbe ni arubuni nyingine tu. Tarehe ikifika, nakopa kwa wa pili namlipa wa kwanza. Kwa wa tatu namlipa wa pili."

"Halafu?"

"Halafu yule wa nyumba ya wageni akazima simu."

Wakopeshaji wakampigia yeye, na asipopokea wakawapigia wote waliokuwa kwenye simu yake. Muuza sponji. Dada yake. Wateja. Walimpigia na binti yake aliyeolewa, na simu ikapokelewa na mama mkwe wake. "Mwambie mwizi wenu alipe." Hapo ndipo fundi alipoanza kukatwa kimya kimya kwenye orodha ya watu. Hakuna aliyemgombeza. Walinyamaza tu.

Alilipa. Ilimchukua muda mrefu, ila alilipa, na kosa lake likawa katika namna alivyolipa. Alianza na watu wenye macho. Duka la karibu, muuza sponji, fundi mwenzake, dada yake, kila mtu ambaye angekutana naye njiani. Wa kwenye simu aliwaweka nyuma. "Wale hawana macho," alisema. "Hawatanikuta sokoni." Watatu akawalipa baadaye. Wa nne alikuwa anadai kidogo, kama bei ya mche wa sabuni, na fundi akiwa amechoka kupigiwa kelele, akaitoa laini akaivunja, akanunua nyingine. Akaamini deni limekwenda na laini.

Yote hayo alinisimulia kama mambo ya zamani. Kisha ikaja kazi ya ukumbi. Mwenye ukumbi wa mikutano alitaka viti vyote vivishwe ngozi, na cherehani ya fundi haitoboi ngozi. Ilimbidi apate cherehani nzito, na muuzaji wa mashine hataki maneno, anataka taslimu. Akapiga pasi shati, akaenda ofisi ya akiba na mikopo.

Alirudi mchana, akakaa kwenye ndoo na suruali yake safi.

"Nimefeli, Mama Kadogo."

"Umefeli nini tena?"

"Kumbe tunapewa alama. Kila ukikopa wanakusahihisha. Umelipa kwa wakati? Unadaiwa na wangapi kwa mpigo? Unakopa kila wiki kama mtu anayenunua vocha? Mimi nilikuwa naufanya mtihani na sijui kama niko darasani." Akacheka, lakini cheko lenyewe halikufika mbali. "Na yule wa sabuni bado yupo. Amenenepa. Karani alimwona mara tu alipoandika namba ya kitambulisho changu. Laini nilivunja, kitambulisho sikuvunja."

Alimlipa siku ile ile, faini na yote. Nilidhani mambo yamekwisha, hata yeye alidhani. Aliporudi ofisini karani, binti mpole kwa maelezo yake, akamwambia deni limefutika ila ule ucheleweshaji utaonekana kwa muda. Alama hazipandi kwa siku moja. Wangeweza kumkopesha nusu ya bei, alipe kila mwezi bila kuruka, na hivyo ndivyo jina lingepona. Nusu nyingine alikuwa nayo. Lakini kwa mtu wa alama zile, walitaka namba za watu wawili wanaomfahamu. Sio wadhamini, hawatalipa chochote. Watu tu, wa kuulizwa kama fundi huyu yupo, anaishi pale, na wanamjua. Alete kabla wiki haijaisha, maana mwenye ukumbi alishasema akiona kimya atamwita fundi mwingine.

"Wawili tu? Hao si rahisi?" nikasema, na hapo hapo nikatamani ningenyamaza.

Muuza sponji alikubali. Wa pili alimtaka binti yake. Alipiga kwa simu yake, iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Nikampa yangu.

Kwa namba asiyoijua, binti alipokea. Nilikuwa karibu, nikasikia sauti yake changa, yenye haraka. "Haloo, nani?"

"Mimi baba."

Mwanangu alikuwa anagonga kibao chake sakafuni, nikamshika mkono asipige kelele.

"Baba, mama mkwe yupo hapa. Nitakupigia."

"Haya mama. Nipigie kwa hii hii."

Akanirudishia simu kwa mikono miwili. Siku ile hakuvuta kochi nje. Alipita mlangoni kwangu akauliza kama nina uzi mweusi. Akapita tena. "Kadogo amelala?" Nikasema amelala. Jioni akaja kuuliza kama maji yamerudi, wakati bomba lilikuwa linatiririka sote tunalisikia. Kila nikimjibu, macho yake yanakwenda dirishani ninapoiweka simu. Sikumwambia kwamba haijalia. Yeye naye hakuuliza.

Kesho yake ilikuwa hivyo hivyo, na siku iliyofuata hakupita.

Siku ya mwisho ya wiki nilikuwa naanika nguo. Mama Mapacha alikuwa upande wa pili wa kamba na mashuka yake. Fundi akatoka chumbani na lile shati la pasi, mdomoni hana msumari hata mmoja. Akasimama mbali kidogo, kama mtu anayebisha hodi pasipo na mlango.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba, Mama Kadogo. Nina shida. Ukikataa sitanuna, kesho tutasalimiana vile vile."

"Sema tu."

Mkono wa Mama Mapacha ukaacha kukung'uta shuka. Nilikuwa nasikia maji yanadondoka kwenye nguo, na nilikuwa nawaza simu yangu ikilia mbele ya mume wangu, mtu asiyemjua akitaja jina la fundi. Fundi naye nadhani aliyaona hayo usoni kwangu, maana alitazama chini.

"Karani nimemuuliza mara mbili, deni halitakugusa," akasema polepole. "Pesa sikuombi. Nakuomba namba yako niwape. Wakikupigia, waambie tu kwamba unanijua."