Bastola Niliyoilamba

Niseme la aibu kwanza, nisije nikalizungukazunguka mpaka mkachoka. Niliilamba bastola. Wala sikuilamba kwa kujificha. Ilikuwa saa nne asubuhi, mbele ya walinzi wenzangu wote na mkuu wetu wa ulinzi, mwanajeshi mstaafu, ambaye alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kutuambia kwamba silaha ni kitu cha kuheshimiwa.

Mniruhusu nijitetee kidogo. Wakati ule dhahabu ilikuwa imewavuruga watu akili upande wote wa Kemambo. Shamba la mtu likichimbwa shimo moja leo, wiki ijayo lina mashimo ishirini na wauza chai wanne. Mimi nilitokea Serengeti, upande wa Nata. Shule niliiachia kidato cha pili, au tuseme yenyewe ndiyo iliniacha, maana mimi nilikuwa bado nipo nipo. Nikaingia kwenye maduara, yale mashimo ya kuchimbia, nikakaa humo miaka minne. Ukikaa humo miaka minne, mkono unajua kitu kimoja tu: jiwe zito ndilo jiwe. Ukiliokota unalirusharusha kiganjani usikie uzito. Halafu unalilamba, kwa sababu jiwe likilowa ndipo dhahabu inajionyesha kama ipo. Mimi nimelamba mawe mengi kuliko sahani.

Mke wangu alikuwa na kazi moja kila nikirudi: kunitoa udongo masikioni kwa ncha ya kanga. Alikuwa anacheka, anasema ipo siku atapanda mahindi humo. Halafu duara la jirani yetu likaporomoka na watu wawili ambao asubuhi tulikuwa tumekunywa nao uji. Siku ile hakunicheka. Alinisafisha masikio yote mawili, kisha akasema, "Mimi sitaki kuja kuitwa nikutambue kwa viatu."

Kwa hiyo kampuni moja ya kupima miamba ilipofungua kambi na kutafuta walinzi wa muda, nikaenda. Walinichukua kwa sababu ya urefu, sikuulizwa kingine. Mkataba ulikuwa wa miezi sita. Ukiisha, narudi shimoni, kazi nyingine sikuwa nayo.

Mwezi wa nne wa mkataba ndipo mkuu akatuita. Kulikuwa na mzungu mmoja mpima miamba aliyependa mchezo wa kulenga shabaha kwa bastola za upepo, na alipoondoka aliiachia kambi sanduku zima, bastola nane, na kibali chake kimebandikwa ndani ya kifuniko. Mkuu alitaka timu ya watu wanne ya kwenda kushindana Musoma na walinzi wa kambi nyingine. Akasema yeye hawezi kufundisha watu halafu waondoke, kwa hiyo hao wanne watapewa ajira ya kudumu. Kila mtu achague bastola yake, afanye mazoezi mwezi mmoja, kisha atatupima.

Tulijitokeza saba. Mimi nikapewa kuchagua wa kwanza kwa sababu nilikuwa nimejisifu kwamba babu yangu alikuwa fundi wa upinde. Ni kweli alikuwa. Sikusema kwamba mimi upinde wake niliushika mara moja, nikatoboa kibuyu cha bibi.

Mkuu akasema, "Chagueni inayowakaa mkononi." Mimi nikainama sandukuni kama niko duarani. Nikachukua moja, nikairusharusha kiganjani. Nyepesi, nikarudisha. Ya pili, nyepesi. Ya tano ikanivuta mkono chini, nyeusi, ndefu, na mbele imefungwa kipande cha chuma cha kuiongezea uzito. Moyo ukaruka. Nikaigeuza kwenye mwanga, na kabla akili haijafika, ulimi ulikuwa umeshafika.



"Ina chumvi?" mkuu akauliza.

"Hapana, afande."

Akaandika kitu kwenye daftari lake. Mpaka leo sijui aliandika nini.

Kati ya sisi saba alikuwepo mwanamke mmoja tu, mpekuzi wa akina mama pale getini, mkulima wa Itiryo, ambaye ndiye alikuja kuwa rafiki yangu. Alichagua wa mwisho, zimebaki mbili. Akafumba macho, akainyanyua moja mpaka usawa wa bega, akafumbua. Akaishusha. Akafumba tena, akainyanyua ya pili, akafumbua, akatikisa kichwa, akarudi kwenye ile ya kwanza. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Akaniambia kwao jembe linachaguliwa hivyo: unafumba macho, unanyanyua, na ukifumbua ukakuta jembe linaangalia unapoangalia wewe, hilo ni lako. Nikamwambia hapa hatulimi. Akasema, "Wala hatulambi."

Mazoezi tulifanyia kwenye banda refu la kuwekea mawe ya sampuli. Mchezo wenyewe unausikia mdogo. Hatua kumi na kidogo mbele yako kuna karatasi yenye duara jeusi, na katikati ya duara kuna kialama cha pointi kumi, ukubwa wa punje ya hindi. Unavuta kishikio cha pembeni mwa bastola kujaza upepo, unatia risasi moja ndogo, unanyoosha mkono mmoja tu, unavuta kifyatulio taratibu. Mara sitini. Hiyo sitini ndiyo sikuifikiria nilipokuwa napima uzito. Risasi ya kumi nilikuwa mwanaume. Risasi ya ishirini mkono ulitetemeka kama mkia wa mbuzi. Risasi ya thelathini nilikuwa napiga ukuta, na siku moja nikapiga kumi safi kabisa, kwenye karatasi ya mwenzangu. Alinishukuru.

Tena mpini wa bastola yangu ulichongwa kufuata kiganja cha mtu mnene. Kati ya kiganja changu na ule mti ungeweza kupitisha mswaki. Nikasema risasi ni mbovu. Siku nyingine nikasema upepo. Yule mpekuzi akaangalia kuta nne za banda, akaniangalia mimi.

"Upepo gani humu ndani, mura, kijana wewe?"

Nilijua bastola ndiyo mbaya kwangu. Lakini kwenda kwa mkuu kusema nilikosea, mimi mjukuu wa fundi wa upinde, tena mbele ya watu walioniona nikilamba, hapana. Nikaendelea na uzito wangu wiki mbili nzima.

Siku yangu ya mapumziko nikaenda nyumbani, nikamkuta mwenzangu wa zamani wa duarani ameketi mlangoni. Alikuja kwa wema tu. Akasema nafasi yangu kwenye kamba ya kushukia shimoni bado ipo, wamefika kwenye mwamba mzuri, nirudi lini? Mke wangu alikuwa anaosha vyombo pale pembeni.  Hapo kuosha kukaacha kusikika, na hakukuanza tena mpaka nilipojibu kwamba bado nipo kazini kwanza.

Kesho yake asubuhi nikasimama mbele ya mkuu, na wenzangu wote wanasikia. Nikasema, afande, nilichagua vibaya.

"Ulipenda nini kwenye hii?"

"Uzito, afande."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwona yule mzee akicheka, na alicheka vizuri, sikujua ana meno yote yale. Akasema hata yeye, kijana jeshini, alichagua buti kwa mng'ao, akatembea nazo siku tatu akichechemea. Akafungua sanduku. Imebaki moja, akasema, ile ambayo kila mtu aliikataa.

Rangi ya mpini ilikuwa imevimba malengelenge, na mti wenyewe mnene kama mtwangio. Nikafanya nilichokicheka: nikafumba macho, nikanyanyua, nikafumbua. Mdomo wa bastola ulikuwa unaangalia mlango. Nikataka kuirudisha, mpekuzi akaishika.

"Hii ni nzima," akasema. "Mpini ndio unaokusukuma. Unaparuzwa."

Mkuu akakubali, mradi tusiguse chuma. Mpekuzi akatafuta chupa ya soda iliyovunjika, akachagua kigae chenye makali, na saa ya chakula akaanza kuparuza ule mti kama wanavyolainisha mpini wa jembe kwao. Kila akiparuza kidogo ananipa nishike kwa nguvu, kisha ananifungua kiganja. Penye wekundu ndipo panaponibana, anaparuza hapo. Penye pengo tukagundisha kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Siku tatu tulikula ugali wetu na unga wa mbao juu yake, nami nikamsimulia habari za mke wangu, masikio na kanga. Siku ya tatu nikafumba, nikanyanyua, nikafumbua. Ilikuwa inaangalia karatasi yangu. Nikafumba tena, maana sikuamini. Ilikuwa bado inaangalia karatasi yangu.

Na viatu nikabadilisha. Mabuti ya mpira yalikuwa yananiyumbisha kisigino, nikavaa katambuga za tairi, bapa, zimekaa chini kama zimepandwa.

Siku ya kupimwa tulipiga sitini, kumi kumi. Sitasema nilikuwa shujaa. Kumi za kwanza nilipiga vizuri, za pili nikajifurahia, zikaharibika. Lakini risasi ya hamsini mkono ulikuwa bado ni mkono. Kwenye ile ya mwisho nilisimama muda mrefu, nikawaza vile vyombo vilivyokuwa vimenyamaza, nikashusha bastola, nikavuta pumzi, nikanyanyua upya.

"Rudisha ulimi ndani," mkuu akasema nyuma yangu.

Nikaurudisha. Nikapiga tisa.

Mkuu alikaa na karatasi zetu kwenye meza, anahesabu kwa kalamu, sisi tumejipanga. Wa kwanza akawa mpekuzi, kwa mbali, hakuna aliyeshangaa. Wa pili, wa tatu. Kisha akanitaja mimi. Nilikuwa wa nne kutoka juu na wa nne kutoka chini, na wa tano nilimzidi pointi mbili. Mkuu akasema Jumatatu watu wanne waje ofisini na picha ndogo kwa ajili ya mikataba. Nikabaki nimesimama. 

Tulitoka pamoja na mpekuzi mpaka getini. Nilitaka kumshukuru. Nikamwambia ule mpini ni wake. Akasema ni wa kampuni. Akanipa begi langu nililoliacha pale getini, akanikagua kichwa upande huu na upande huu kama anapekua mtu getini.

"Haya, nenda nyumbani," akasema. "Umwambie wifi yangu masikio yako kuanzia leo yatakuwa masafi. Ulimi bado tunaushughulikia."