Kipini cha Mama na Mashine ya Shangazi

Kuna siku moja hainitoki akilini, mwanangu, na leo umeiamsha mwenyewe ulipokuja kuniuliza ununue mashine gani ya kutafutia vyuma ufukweni. Mashine nitakwambia. Lakini kaa kwanza, maana mimi mchezo huu sikuuanza kwa kuupenda. Niliuanza kwa sababu ya kipini cha puani cha mamangu.

Baba alipofariki, mama alikaa eda hapa hapa Malindi, akavua mapambo yote. Siku aliyotoka, wanawake wa mtaa walimshusha pwani kuoga, kama walivyofanya wazee wetu. Kipini chake cha dhahabu, kile alichovishwa na baba siku ya harusi, alikifunga kwenye pindo la leso kavu aliyoiacha mchangani, akinuia kukivaa akishatoka majini. Shangazi yangu, dada yake baba, akaiokota ile leso na kuikung'uta mchanga ili amfunike wifiye. Kumbe fundo lilikuwa limelegea, kipini kikaruka mchangani. Wanawake walitambaa pale mpaka maji yakajaa, wasikione.

Shangazi hakuweza tena kumtazama wifiye usoni. Alikuwa msimamizi wa dobi katika nyumba moja ya wageni, na mgeni mmoja aliyekuwa akirudi kwao alimwachia mashine ya kutafutia vyuma: fimbo ndefu, sahani ya duara chini, na vidude vya kusikilizia masikioni. Shangazi alizoea kutembea nayo jioni kujifurahisha tu, akiokota vifuniko vya soda. Baada ya siku ile hakuitaka hata kuiona. Akanikabidhi mimi.

"Nenda wewe," alisema. "Mimi miguu yangu hainifikishi pale."

Nilikuwa kijana wa kupenda mambo ya haraka. Mchanga wetu, kama ujuavyo, una chembe nyeusi za chuma ziletwazo na mto Sabaki, na ukilowa maji ya chumvi mashine hupiga kelele kama mtoto mwenye njaa. Ongeza karatasi za kung'aa za sigara na za peremende, basi kila hatua mlio. Nikagundua kitufe cha kuchujia: ukikizungusha, mashine hainyanyui sauti kwa takataka hizo. Nikakizungusha mpaka mwisho. Raha iliyoje! Nikawa natembea kwa utulivu, narudi na risasi za kuzamishia nyavu, bawaba za shaba, na kufuli zima siku moja, nikijiona fundi hasa.

Shangazi alinisikiliza nikijigamba uani kwake. Alivua kipini chake mwenyewe puani, akakiweka chini, akanambia, "Pitisha." Nikapitisha sahani juu yake. Kimya. Nikapitisha tena, polepole, sahani ikikaribia kugusa ardhi. Kimya.

"Wasikia nini?"

"Sisikii kitu, shangazi."

"Basi wiki zote hizi huenda ulikuwa ukikipita cha mamako." Machozi yalikuwa yakimlengalenga. "Dhahabu ndogo yalia sawa na karatasi ya peremende. Wewe hukutaka usumbufu, ukazinyamazisha zote mbili."

Maneno yale yalinichoma. Akanikalisha, akanifundisha upya. Kwanza tafuta mahali pasipo chuma, upandishe sahani na kuishusha huku ukirekebisha, mpaka mashine iuzoee mchanga ule. Karibu na maji, ipunguze ukali wake wa kusikia. Kisha kirudishe kile kitufe mwanzo, uvumilie kelele. Nikarudi pwani. Nilichimba karatasi, nikachimba vibanio vya nywele, mpaka vidole vikachubuka. Asubuhi moja nikasikia mlio mdogo wa mkato. Nikavuka nikapitisha sahani kutoka upande wa pili, ukalia vile vile. Nikachota mchanga, nikaupepeta kiganjani. Kipini!

Nilikimbia mpaka nyumbani. Mama alikipokea kwa mikono miwili, akakibusu. Halafu akakigeuza, akaupapasa kwa kidole mguu wa kipini, ule uingiao puani, na uso ukambadilika.

"Si changu. Changu mguu wake umepinda. Ulilegea, babako akaukaza kwa meno. Nilimcheka sana siku hiyo."

Mimi niliyemwona nacho tangu kuzaliwa sikulijua hilo. Nikamsihi akivae hicho hicho, nani atajua?

"Pua yangu itajua," alisema. "Nenda kamtafute mwenyewe. Naye yuko aliyemvisha."

Tukauliza nyumba kwa nyumba, mpaka akapatikana bibi mmoja wa mtaa wa Shela, mjane kama mama, aliyekieleza kipini chote kabla hatujamwonyesha. Alikipokea, akakirudisha mkononi mwa mama, akamwinulia uso. Mama ndiye aliyemvisha. Kisha akasogea nyuma, akamtazama, akatabasamu, na mkono wake ukapanda wenyewe mpaka puani pake pasipo kitu. Jioni ile alikwenda kwa shangazi bila kuitwa, wakakumbatiana wakalia. Kipini chake hakijaonekana hadi leo, na wote wawili nimeshawazika.

Kwa hiyo, mwanangu, nunua mashine inayostahimili maji ya chumvi. Ioshe sahani kwa maji ya kisima ukitoka pwani, fukia mashimo yako, na usiisogeze kwenye magofu wala makaburi ya watu. Hayo utayajua upesi. Litakalokuchukua umri ni hili: usizinyamazishe sauti ndogo kwa kuwa zinakuchosha. Usikiite chako kitu ambacho mwenyewe anakililia. Na mamako mtazame vizuri angali hai, kila pambo lake na kisa chake, muulize akusimulie.

Mimi bado nashuka pwani na mashine yangu. Watu hudhani natafuta dhahabu. Natamani tu nikirudi nimkute mama barazani, aniulize kama zamani, "Umepata?" Hakuna aniulizaye tena. Mungu akubariki, mwanangu, akuzidishie subira na sikio jema, na kila utakaporudi mikono mitupu, akujaalie mtu mlangoni wa kukuuliza.