Mama Futi Avunja Ukuta

Mtaani walimwita Mama Futi, na jina lilimkaa kama nguo iliyokatwa kwa vipimo vyake. Futi ya kushonea haikubanduka shingoni mwake. Alikwenda nayo dukani, alikwenda nayo msibani, na mumewe alimtania kwamba hata peponi atapima kwanza upana wa mlango ndipo akubali kuingia. Alishona sare za shule na mapazia kwenye kona ya sebule yake, dirishani, penye mwanga.

Mumewe alikuwa mpishi. Alipika miaka mingi katika bweni la chuo, kwa masufuria ambayo mtoto angeweza kuogea ndani yake, na alipostaafu akahamishia ufalme wake katika jiko la nyumbani, kajichumba kembamba nyuma ya ukuta wa sebule. Mama Futi hakuona kinyongo. Yeye na kupika walikuwa paka na panya. Mumewe alidai kuwa hata maji aliweza kuyaunguza.

Kisha presha ya macho ikamnyemelea mpishi. Pembeni pakaanza kufifia, halafu nyuso, halafu vyote. Hospitalini walimwambia bila kumzungusha kwamba kilichokwenda kimekwenda. Siku kadhaa Mzee alishinda kitandani. Asubuhi moja akanyanyuka, akapita akipapasa mpaka jikoni, akawasha gesi, akachemsha chai. Mama Futi alisimama mlangoni, kiganja mdomoni, asithubutu hata kukohoa.

Toka siku hiyo hakuwa na raha. Kifuniko kikianguka nyuma ya ukuta, naye huyo, mbio, sindano imebaki kwenye kitambaa.

"Mzee, kuna nini?"

"Kuna kifuniko chini. Rudi ukashone."

Siku moja alinusa harufu ya nguo inayoungua. Alipofika, mumewe alikuwa amekwisha kukitumbukiza kitambaa cha kushikia sufuria kwenye sinki, na alikuwa akijifuta mikono kana kwamba hakuna lililotokea. Mama Futi alivuta ndoo, akaikalia.

Hapo ndipo alipopiga moyo konde kuuvunja ukuta, sebule na jiko viwe chumba kimoja.

"Nikiwa kwenye cherehani niwe nakuona," alimwambia.

"Unione ili iweje?"

"Nikuone tu."

Mzee akapandisha mabega. "Haya. Nyumba si yako pia?"

Mama Futi akalichukua hilo kuwa ndiyo. Mgonjwa haulizwi uji.

Fundi mwashi alikuja, akaugongagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasema haujabeba kitu isipokuwa rangi. Mzee akapelekwa kwa binti yao ili vumbi lisimsumbue kifua. Mama Futi akabaki akichora sakafuni kwa chaki: hapa kaunta, hapa meza, hapa kochi. Alipanga maboksi ya vitambaa mahali pa viti, akawa anapita katikati yake kama mgeni wa heshima. Mwisho akaamua kila kitu kikae pembezoni, kochi ukutani, meza ukutani, kabati ukutani, ili katikati pabaki peupe na Mzee asijikwae. Akashona mapazia ya rangi ya ndimu. Siku ya mwisho alisimama mlangoni akajipigia makofi mwenyewe.

Binti akamleta baba yake jioni.

"Ingia, Mzee, ingia ujionee," alisema Mama Futi, kisha akajing'ata ulimi.

Mzee aliingia. Mkono wake wa kushoto ulinyanyuka wenyewe, kama ulivyozoea, ukaenda kutafuta ukuta. Ukabaki unaning'inia hewani. Akasogea hatua mbili, akasimama, akageuza shingo huku na huku.

"Mama watoto, uko wapi?"

"Niko hapa mbele yako."

"Na jiko liko wapi?"

Aliuliza kwa upole, kama mpita njia aliyepotea anavyouliza mlangoni kwa watu. Mama Futi akatazama pale ukuta ulipokuwa. Zamani hapo, usawa wa kiuno, palikuwa na mstari wa weusi wa mafuta ambao kila mara aliusugua kwa sabuni huku akinung'unika. Zilikuwa alama za vidole vya mumewe. Ndiyo iliyokuwa barabara yake, naye ameibomoa na kuibeba kwenye toroli.

Siku zilizofuata Mzee alikaa kwenye kiti karibu na mlango, mikono magotini. Mama Futi alipika. Siku ya kwanza chumvi ilizidi, siku ya pili ikasahaulika kabisa, na Mzee alikula vyote akashukuru. Shukrani hiyo ilimchoma kuliko tusi.

"Namwita fundi," alisema hatimaye. "Auinue tena ule ukuta."

"Usiuinue." Mzee aliinua uso. "Upepo unapita vizuri siku hizi. Na cherehani yako naisikia, zamani sikuwa naisikia. Ila nipe pa kushika, mke wangu. Umenitupa uwanjani."

"Mbona hukusema tangu mwanzo?"

"Uliniambia unataka kuniona. Hukuniuliza napitaje."

Mama Futi alivuta kipande cha kitambaa cheusi, akajifunga macho, akaanza safari ya kutoka mlangoni kwenda jikoni. Hakufika mbali. Aligonga ugoko kwenye stuli, akalia "Mama yangu!", na Mzee akacheka mpaka akashika mbavu, kicheko ambacho nyumba hiyo ilikuwa imekisahau.

Wakaanza upya, safari hii wawili. Kochi likaondolewa ukutani, likawekwa katikati, mgongo wake ukiwa njia ya kutoka mlangoni hadi kwenye kaunta. Mama Futi alimpima mumewe kutoka kiganja hadi sakafuni kama anayemshonea suti, akamtaka seremala apandishe miguu ya kochi kidogo. Zulia likatandikwa upande wa kukaa tu, unyayo ujue mpaka ulipo. Pembe za kaunta zikapigwa msasa zikawa mviringo. Milango ya makabati ya juu ikang'olewa, kwani mlango ulioachwa wazi huwa unasubiri paji la uso.

"Kochi limeupa mlango kisogo," jirani mmoja alisema alipokuja kuchukua sare ya mwanawe. "Kama limenuna."

"Liache linune," alijibu Mama Futi. "Kazi linafanya."

Mzee akarudi jikoni. Mara ya kwanza alipita polepole, vidole vikikwaruza kitambaa cha kochi, mpaka vikagusa ubaridi wa kaunta. Akaipapasa kutoka pembe moja hadi nyingine. Kisha akaomba kisu na vitunguu.

Mama Futi alikaa kwenye cherehani yake, sasa akiona kila kitu: kisu, moto, mvuke, mkono unaotafuta chumvi. Akaona kwamba kuona nako kuna mateso yake. Kisu kilipokaribia kidole, mguu wake uliganda juu ya pedeli.

"Umesimama kushona," Mzee alisema bila kugeuka.

"Nimeishiwa uzi."

"Uzi hauishi kila ninapokata kitunguu. Shona, mama."

Akashona. Alimaliza mshono mzima bila kuinua kichwa, na huko kaunta kisu kikaendelea kugonga ubao, taratibu, hadi harufu ya kitunguu kilichoiva ikajaa chumba kizima na kuingia hata kwenye mapazia ya wateja. Wenyewe hawakulalamika. Mmoja tu aliuliza, alipokuja kuchukua yake, kama kuna chakula kilichobaki.