Nyama Iliyoonwa na Mke wa Mtu

Mume wangu alipokwenda olpul mara ya kwanza, nguo zake nilimfungia mimi mwenyewe. Nalisema hili mapema kwa sababu baadaye watu wa kwao walinitangaza kwamba mimi ni binti wa misheni, nimesoma hadi sekondari na nimezisahau dawa za wazee. Si kweli. Nimezaliwa upande wa pili wa mlima huu huu, Umeruni, na bibi yangu alinilea kwa magome na mizizi kama alivyowalea wajukuu wake wote.

Mume wangu alirudi kutoka vitani Burma na kifua kibovu na homa ya kuondoka na kurudi. Za hospitali alikunywa, akapata nafuu nusu nusu. Ndugu zake wa Oldonyo Sambu wakamchukua msituni. Olpul ndiyo hiyo: wanaume wanaingia msituni na mnyama, wanachinja, wanapika supu ya kiloriti na mizizi mingine ambayo siijui, wanakula na kunywa hapo hapo mpaka nyama iishe. Alirudi chumbani kwetu Ngarenaro, mjini Arusha, ngozi inang'aa. Kwenye gereji ya Kalasinga alikofanya kazi akawa ananyanyua vyuma peke yake, wenzake wanamtazama. Nilishukuru, na shukrani hiyo siifuti.

Hata swali lenyewe nililiuliza mimi. Nilimwuliza mama mkwe, ambaye sote tulimwita Yeyo, yaani mama kwa lugha yao, "Yeyo, jambo hili hufanywa mara ngapi?"

Akanijibu bila kufikiri. "Mvua zikiisha, mifugo ikinona. Mtu anakwenda, anapata nguvu, anarudi kufanya kazi mpaka mvua nyingine. Msitu si nyumba."

Ni yeye aliyesema. Mniwekee maneno hayo.

Mara ya pili alirudi amenyamaza. Kiloriti ikimshika mtu sawasawa humtetemesha, akanguruma, wenzake wakamshikilia asijiumize. Hilo kila mtu anajua, na morani wengi hujivunia. Lakini huyu wangu alikaa kitandani, akavua viatu, akaniambia kama mtu anayetoa habari za sokoni, "Nimemwona kaka."

Kaka yake nilikuwa sikuwahi kumwona. Waliandikishwa siku moja. Mdogo akapewa lori aendeshe, mkubwa akapewa bunduki. Mmoja akarudi. Habari za huyo mwingine zilisemwa na Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, mbele ya boma la mama yao, kwa dakika chache, kisha gari likageuzwa likaondoka. Kaburi lipo Burma, au halipo. Hakuna aliyejua amelazwaje, amefunikwa na nani.

"Umemwona vipi?" nikamwuliza.

"Amesimama kwenye miti. Kakohoa kwanza, kama zamani."

Kaka huyo, akanieleza, hakuwa na tabia ya kupiga hodi. Alikuwa anakohoa nje mara moja, kikohozi kikavu, halafu anasubiri mpaka aambiwe aingie.

Laiti yangeishia kwangu. Lakini alikwenda kumwambia mama yake. Yeyo alimshika mikono yote miwili akamwuliza, "Kasema nini?"

"Kasema ana baridi."

Basi. Tangu siku ile Yeyo hakukumbuka mvua wala kunona kwa mifugo. Alitoa kondoo, na kondoo huyo alipoisha akatoa mwingine, safari zikawa kila Jumamosi. Mwanawe akirudi kutoka msituni hamwulizi kama kifua kimepona. Anamwuliza, "Kasema nini?" Na kabla hajakwenda anampa maneno ya kupeleka. Mwulize alikula nini siku ile. Mwulize nani alimfumba macho. Mume wangu akawa kama barabara, watu wanapita juu yake kwenda na kurudi. Na barabara inachoka jamani. Alikonda. Nguvu ile ya mwanzo ilikwisha, kwa sababu dawa inayonywewa juu ya dawa haikupi nafasi ya kupona. Mezani alikuwa anasogea kidogo kwenye benchi kabla ya kukaa, anaacha pengo ubavuni. Nikikaa kwenye pengo hilo ananitazama kama nimemkalia mtu.

Kalasinga alikuja mwenyewe hadi uani, kilemba chake kimejaa vumbi la barabara. "Mama, fundi yangu iko wapi?"

"Ana homa, Bwana."

"Homa, homa. Hii homa gani napenda Jumamosi tu?"

Mama mwenye nyumba, mtu wa Pangani aliyeletwa Arusha na biashara ya marehemu mumewe, alikuwa akisikia kila kitu huku anachambua mchele. Kalasinga alipoondoka akaniambia, "Mwenzangu, afadhali angekuwa na mwanamke. Mwanamke ungemfuata huko huko ukamng'oa nywele. Maiti utamfanya nini?"

Alitania. Mimi sikucheka, na neno hilo la kumfuata huko huko likanikaa.

Mtoto wetu wa kwanza alikuwa bado ananyonya. Jioni moja nikiwa nimempakata, mume wangu akaniambia, "Kaka anataka kumwona mtoto."

"Amwone wapi?"

"Kule. Atapewa supu kidogo tu, ncha ya kidole."

"Mwambie kaka yako mtoto huyu ana mama."

"Nimemwambia," akasema kwa upole kabisa. "Akasema hata wewe mama yake anakujua."

Sijawahi kumwogopa mume wangu kwa sababu ya fimbo, hakuwa mtu wa fimbo. Nilimwogopa jioni ile, kwa upole ule. Alikuwa anazungumza habari za mwanangu na mtu ambaye mimi siwezi kumjibu. Akaongeza kwamba mara hii atakwenda peke yake, lakini safari inayofuata mtoto atakwenda, na Yeyo kondoo ameshamchagua.

Alipoondoka kwenda Oldonyo Sambu nilimwacha alale huko siku ya kwanza. Siku ya pili asubuhi nilimfunga mtoto mgongoni, nikapanda lori la mahindi lililokuwa likienda Longido, nikashukia kwao.

Yeyo alikuwa mlangoni anasafisha kibuyu kwa moto na majivu. Akaona mtoto, uso ukafunguka. "Umemleta."

"Shikamoo, Yeyo. Wako wapi?"

Akaelekeza kwa kidevu juu, kwenye mitarakwa, mahali moshi ulipokuwa unapanda. Kisha akanitazama vizuri, akaelewa. Akasimama. "Wewe huwezi kufika kule. Kuna morani. Nyama ya morani ikionwa na mke wa mtu hailiwi tena."

"Najua."

"Unajua halafu unakwenda?"

"Yeyo, wewe mwenyewe ulisema msitu si nyumba."

Akashika khanga yangu. Mikono yake ilikuwa na majivu. "Ukiivunja olpul hiyo, mwanangu mkubwa nitamsikia kwa nani?"

"Na mimi mume wangu nitamwona wapi?"

Hakuniachia. Niliitoa mikono yake kidole kwa kidole, mtoto analia mgongoni, nikaenda.

Njia ilikuwa wazi, wamekanyaga mara nyingi mno. Walinisikia kabla sijawaona. Mmoja akapaza sauti nisimame hapo hapo. Sikusimama. Chini ya jabali walikuwa wamezungushia matawi, na ndani yake kulikuwa na ngozi zimetandikwa, nyama imechomekwa kwenye vijiti, sufuria kubwa nyeusi juu ya mawe. Morani wawili waliruka wakaanza kuifunika nyama kwa majani, wakihangaika kama wasichana waliokutwa wakioga. Mume wangu alikuwa chini, anatetemeka, mdomo una povu, wanaume wawili wamemshika mabega. Macho yake yalikuwa kwenye miti nyuma yangu.

Sikumgusa. Nilikwenda kwenye nyama, nikafunua majani, nikaitazama. Paja, mbavu, utumbo. Nikainamia sufuria nikatazama na ndani. Nilitazama polepole ili pasiwe na ubishi.

Hakuna aliyenipiga, nadhani kwa ajili ya mtoto. Kisha mzee aliyekuwa akikoroga akaweka mwiko chini akasema kwa Kiswahili, ili nisisingizie kutoelewa, "Mke wa fundi, umekula nyama ya watu wote kwa macho. Umeshiba?"

"Nimeshiba, mzee. Nimekuja kumchukua wangu."

Mume wangu aliacha kutetemeka. Akakaa, akafuta mdomo, akanitazama kama mtu aliyeamshwa na mgeni. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo.

"Umemkatiza," akasema. "Alikuwa anasema."

Tuliteremka, mimi mbele yeye nyuma. Nilimwuliza tu tulipofika barabarani. "Alikuwa anasema nini?"

"Alisema, mwambie mama kwamba. Halafu wewe ukaingia."

Wazee walikaa kikao. Walitaka kondoo na asali ya kusafisha, baba yangu akavileta huku ananitukana njia nzima. Nilivumilia, kwa sababu nilichokitaka nilikipata. Hakuna kambi iliyomkaribisha tena mume wangu. Nani aingie msituni na mtu ambaye mkewe hufuata nyama? Alirudi gereji. Akanenepa. Kalasinga akaacha kuja uani. Pengo kwenye benchi likazibika, akawa anakaa akijaza nafasi yake yote.

Mchana mmoja nilikuwa ninapiga pasi. Mtoto alikuwa sakafuni. Nje ya mlango mtu akakohoa, mara moja, kikavu, kisha kimya.

"Karibu," nikasema, bila kufikiri.

Hakuingia mtu. Nikaenda mlangoni. Ua mweupe, jua, nguo kwenye kamba. Mama mwenye nyumba akainua uso kwenye ungo wake. "Mgeni wako kaingia? Mbona sikumwona akipita?"

Tangu hapo anakuja. Si kila siku. Mtoto akiwa ananyonya huachia titi, akageuza kichwa mlangoni, akarudi kunyonya. Jambo linalonichoma ni hili: mume wangu hasikii. Ananiona tu nimesimama na mwiko mkononi, ananiuliza, "Ni yeye?" na nikitikisa kichwa kwamba ndiye, anatoka nje, anazunguka nyumba, anarudi mikono mitupu. Ananionea wivu. Mimi. Kwa mtu ambaye sijawahi kumwona hata kwenye picha.

Nadhani ni mume wangu aliyepeleka habari kwao, kwa sababu Yeyo alikuja mjini. Hakuwahi kuja mjini tangu tuoane. Alishuka kwenye lori na kibuyu cha maziwa, akakataa kiti, akakaa kizingitini. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na nilikuwa na ya kwangu ya kumjibu. Hakutukana. Alimchukua mtoto, akamtemea mate kichwani ya kumbariki, tukanywa chai.

Na kikohozi kikasikika. Nyuma ya mgongo wake, karibu kabisa. Yeye hakusikia kitu, ila aliona kikombe changu kimesimama njiani.

"Kasema nini?"

Ningeweza kummalizia ile sentensi. Nilikuwa nayo tayari, mwambie mama kwamba nilifunikwa vizuri, mwambie mama kwamba sikuumia. Ingenigharimu nini? Lakini ningesema siku hiyo, kesho angerudi na kondoo, na keshokutwa, na mimi ndiye ningekuwa barabara.

"Hasemi, Yeyo. Anakohoa tu, halafu anasubiri."

"Anasubiri kukaribishwa," akasema. "Nilimfundisha mimi. Alikuwa mdogo kama huyu."

"Nyumba hii si msitu, Yeyo."

"Najua."

Alilia bila sauti, akajifuta kwa ukingo wa nguo, akanirudishia mtoto. Kisha yule mama aliyekuwa akichinja bila kuangalia msimu akaniuliza, kwa adabu, kama nilivyomwuliza mimi zamani, "Nije mara ngapi?"

Nilikuwa bado nina hasira naye. Ninayo mpaka leo. Nikamwambia, "Mvua zikiisha."

Aligeuka akautazama mlima Meru. Mawingu yalikuwa yameshashuka hadi mashambani, masika ndiyo kwanza yanaanza. "Sawa," akasema. Akaokota fimbo yake. Pale mlangoni, kabla hajatoka, alisogea upande mmoja, kama mtu anayempisha mwingine aingie.