Mfuko wa Koti la Rikula

Simu ililia saa kumi na mbili asubuhi. Nilikuwa nimekaa jikoni tangu jioni, natazama simu, kisha mlango wa chumba cha mama mkwe wangu, kisha simu tena. Alijifungia kwa ufunguo tangu jana mchana na alikuwa hajala kitu. Usiku nilisikia akikohoa mara mbili, nikashukuru.

"Koti lipo," alisema Bi Stamatia, mtunza mavazi wa filamu inayopigwa stesheni ya zamani. "Lakini litavaliwa saa tatu. Njoo kabla."

Mama mkwe wangu anaitwa Bulisa. Ana miaka sitini, na hapa Salonika, Ugiriki, wanamjua kwa mifarishi ya maharusi anayoshona. Si msemaji, isipokuwa televisheni ikionyesha filamu ya vita. Hapo husogeza kiti mpaka pua iguse kioo. Hawatazami Wajerumani. Hutazama makoti.

"Nani alipanda treni na koti jepesi vile?" huuliza. "Watu wetu walivaa nguo tatu tatu, moja juu ya nyingine. Huyu msichana kavaa kama anakwenda dansi."

"Mama, ni filamu tu."

"Basi na wacheze filamu ya dansi."

Hayo ndiyo yaliyomponza binti yangu Flor. Watengeneza filamu walipokuja kupiga picha za wakati wa Wajerumani, walibandika tangazo shuleni kwao: wanaazima nguo za kale. Jana, tulipokuwa tukisafisha nyumba kwa ajili ya Pasaka yetu sisi Wayahudi, nilimpa Flor kazi ya kukagua mifuko ya nguo zote, maana chembe ya mkate haitakiwi ibaki ndani. Alipofika kwenye koti la kahawia la bibi yake, hakukagua. Alilikunja akalipeleka, akidhani bibi atafurahi kuona koti la kweli kwenye kioo, angalau mara moja.

Hakujua, kwa sababu mimi sikuwahi kumwambia. Koti lilikuwa la Rikula, dada yake Bulisa. Usiku Bulisa alipotoroka kwenda milimani kwa wapiganaji, Rikula alimvisha lile, kwa kuwa ndilo pekee ambalo hawakuwa wamelishonea nyota ya njano ambayo Wajerumani waliwalazimisha Wayahudi kuvaa. Akamtilia kipande cha mkate mfukoni. Bulisa alikula nusu njiani. Nusu ya pili aliiweka waje waile pamoja. Rikula alibaki na wazazi, na treni ya Wajerumani ikawachukua, hawakurudi. Miaka arobaini, kila Pasaka, tunakung'uta mifuko yote ya nyumba hii isipokuwa ule mmoja.

Mume wangu yuko mji wa Volos kikazi. Sikuthubutu kumpigia.

Stesheni ya zamani ilijaa askari wenye sare za kijivu za Kijerumani wakila mikate ya ufuta. Mmoja nilimtambua, mtoto wa fundi viatu wa mtaani kwetu, lakini hata hivyo nilisimama.

"Pita tu, shangazi," akasema. "Leo hatuumi mpaka saa tatu."

Wenzake walicheka. Nilipita ukutani ukutani.

Bi Stamatia alilileta koti mkononi. Kifuani walikuwa wameshona nyota.

"Itoe," nikasema.

"Mama, ni uzi mwepesi tu..."

"Itoe, tafadhali. Hilo halikuwahi kuwa nayo."

Alinitazama, kisha akachukua mkasi, akakata uzi mmoja mmoja bila haraka. Mimi nikatia mkono mfukoni. Nikatia mfuko wa pili. Nikarudia wa kwanza.

"Kulikuwa na kitu humu."

"Mifuko tunaikung'uta yote," alisema. "Juzi mmoja alisahau kiberiti cha gesi cha siku hizi, kikaonekana, picha nzima ikaharibika. Humo kulikuwa na kipande cha mkate, kigumu kama jiwe. Nilikisaga kwa kisigino nikawatupia njiwa."

Ndani ya basi nililikumbatia koti, nikipanga uongo. Ningevunja kipande cha mkate mkavu nikitie humo, nani angejua? Lakini nyumbani tulikwisha kusafisha. Mimi mwenyewe nilikuwa nimefagia hadi nyuma ya jiko. Hapakuwa na chembe ya kudanganyia mtu.

Flor alikuwa sakafuni, mgongo kwenye mlango wa bibi yake, macho yamevimba.

"Amesema chochote?"

"Ameuliza ni saa ngapi. Mara mbili."

Nilisimama pale na koti. Duka la mikate la kona lilikuwa wazi, na mkoba ulikuwa bado begani. Niliutua chini.

"Mama," nikasema, "koti ninalo. Mfuko ni mtupu. Mkate walikuwa wamekwisha kuutoa kabla sijafika."

Flor alinishika sketi kama alipokuwa mdogo.

"Wameutupa wapi?" Sauti ilitoka karibu sana, nyuma tu ya ubao wa mlango.

"Waliwapa njiwa."

"Njiwa wa wapi?"

"Wa stesheni, Mama. Stesheni ya zamani."

"Waliula?"

"Bi Stamatia aliusaga. Nadhani waliula wote."

"Ulikuwa mgumu," alisema. Kisha akaongeza, "Na huyo mtoto, amekula?"

"Hajala. Yuko hapa chini, mlangoni kwako."

Nilisikia ndara zake zikiburuzika, halafu ufunguo. Flor alisogea upesi kuupisha mlango.