Wa Mwisho Kupanda Kibira

Mke wangu alianza kurudi nyumbani Jumamosi asubuhi na kicheko nisichokijua. Ukiishi na mtu muda mrefu unavijua vicheko vyake kama unavyoijua milio ya milango ya nyumba yako: kile cha simu ya dada yake, kile cha mahubiri yanaporefuka, kile cha kunihurumia mimi. Hiki kilikuwa kipya. Alikileta kutoka nje pamoja na vumbi la viatu, akakimalizia jikoni akinywa maji, peke yake, na mimi niko sebuleni nimeinua kitabu ambacho sikisomi.

Alikuwa amejiunga na klabu ya spoti. Bujumbura hilo si jambo la ajabu. Jumamosi alfajiri, kabla ya kazi za pamoja za mtaa, watu wenye vyeo na vitambi hupanda vilima kwa safu huku wakiimba. Mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, kisha wanashuka kwenda kurudisha kwa mishikaki na bia kile walichokipoteza mlimani. Niliwahi kuandika makala ya kuwadhihaki. Niliiona nzuri. Mke wangu aliisoma hadi mwisho, akaniuliza kama nataka chai, na juma lile lile akanunua raba.

Klabu ilikuwa na kapiteni, mtu wa forodha, mjane, mwenye vigimbi vya kuchongwa. Kila Jumamosi mchana simu ya mke wangu ililia kidogo.

"Kapiteni anasema nini?" niliuliza siku moja, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za mvua.

"Anasema bravo."

"Bravo ya nini?"

"Mi ni mukia. Leo niliwafikisha wote."

Mkia, alinieleza, ni cheo. Klabu yao haimwachi mtu njiani. Lazima mmoja atembee nyuma kabisa na yule aliye wa mwisho, awe yeyote, na msindikizaji huyo ndiye mkia. Mkia hasukumi wala hakemei. Anasimulia hadithi. Hadithi inatembea na miguu: mchovu akisimama, nayo inasimama, hata kama ni katikati ya neno. Na mwisho wake hautolewi popote isipokuwa juu.

"Hadithi gani?"

"Ya watu wa zamani," alisema, akaenda kuoga.

Kwa hiyo walipopanga kwenda kupanda milima ya Kibira, siku moja ya mapumziko ambayo mafuta ya gari yalikuwa yamepatikana, nilitangaza kwamba nami nitakwenda.

"Kwenye mulima? We?"

"Kwa ajili ya tansiyo, hii presha yangu."

Alinitazama kama mtu anayepima kitambaa. "Basi vaa soksi mbili," alisema.

Basi letu dogo lilipanda barabara ya Bugarama likilalamika. Vijana wa baiskeli walikuwa wameshikilia nyuma ya malori kwa mkono mmoja, wanavutwa hadi juu bila kukanyaga pedali, nyuso zao zimetulia kama za maaskofu. Niliwaonea wivu. Siku ile wivu ulikuwa umeshaiva ndani yangu, ukimtafuta tu mtu wa kumwangukia.

Nilikuwa nimeuandaa kwa ajili ya kapiteni. Tuliposhuka Teza, kwenye baridi, pale mashamba ya chai yanapokoma na msitu wa hifadhi unapoanza, nilisimama mahali ambapo ningewaona wote wawili. Kapiteni alimsalimia mke wangu kwa mkono kama alivyowasalimia wengine, akakagua viatu vya kila mtu, akaniambia, "Karibu, profeseri," kisha akaondoka mbele na mwongoza wageni wa hifadhi, mbio mbio, bila kugeuka hata mara moja. Wala mke wangu hakumfuata kwa macho. Inakera sana kujitayarisha wiki nzima kumchukia mtu ambaye hana habari na wewe.

Ndipo akaja mama mmoja wa Mutakura, mnene, muuza vitenge, mwenye asili ya ng'ambo ya pili ya ziwa, Kongo. Alinitazama kuanzia raba zangu mpya hadi kofia.

"Kumbe ni we."

"Mimi nani, Mama?"

"Ule wa kuonyesha milima." Akacheka. Kilikuwa kile kicheko. Kile kile cha jikoni kwangu. "Mi nilipanda Kiriri yote juu yako, Muzee. Bila we ningelala njiani."

Karani mmoja aliyekuwa akifunga kamba za viatu aliinua kichwa. "Ndiye? Ule aliyemushinda injiniya wa pikipiki?" Akanipa mkono kwa heshima ambayo sijawahi kupewa chuoni.

Hapo niliielewa hadithi ya watu wa zamani. Tulipokuwa wanafunzi kulikuwa na mwanamume mwingine, injinia kijana wa Musaga, mrefu, mwenye pikipiki na meno mazuri. Mke wangu alinichagua mimi. Kwa nini, sikuwahi kumuuliza. Mshindi anayeomba kura zihesabiwe upya hana akili. Nilikuwa na nadharia yangu tu: kwamba ni maneno. Siku zile nilimsindikiza kupanda barabara ya Kiriri kuelekea chuoni, na kila kona nilisimama nikamwonyesha milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, mwanga juu yake, vivuli, rangi. Niliamini kwamba injinia ameshindwa na ufasaha. Imani hiyo imenilisha miaka yote. Juu yake nimejenga hata kazi.

Na sasa muuza vitenge wa Mutakura alijua sababu, na karani alijua, na huenda wachovu wote wa mji huu walijua. Ni mimi peke yangu niliyekuwa sijui.

"Mama," nilisema kwa sauti ya chini, "inaishaje?"

"Apana, Muzee. Mwisho ni wa juu. Mi niliupata kwa magoti yangu."

Njia iliingia msituni. Mizizi ilikuwa inateleza, mianzi inadondosha maji shingoni, na mahali fulani juu nyani walikuwa wakigombana. Nilikusudia kujifanya mchovu ili niwe wa mwisho. Haikuhitajika. Kabla ya kilima cha kwanza kwisha, hata mama wa vitenge alikuwa amenipita, akiniombea.

Nikasikia hatua pembeni yangu.

"We ndiye wa mwisho," mke wangu alisema. Alilisema kwa upole wa kazi, kama muuguzi.

"Ninaangalia miti."

"Iangalie ukitembea." Akangoja nianze, kisha akaanza na yeye. "Kulikuwa mwanafunzi mumoja mwembamba. Alikuwa anajua mambo mengi, na yote alikuwa anayasema."

Hakusema "wewe". Alisema "yule", na alivyolitamka nilimwonea wivu yule mwanafunzi, kwa kuwa nyumbani sitajwi hivyo. Nikasimama kumeza mate. Akanyamaza. Nikapiga hatua, akaendelea palepale. Akaeleza injinia alivyokuwa, na hakumbania hata kidogo: mabega, harufu ya sabuni, namna alivyoiegesha pikipiki chini ya kilima akamsindikiza kwa miguu ili wazungumze. Nilipanda sehemu hiyo haraka kuliko zote, kwa hasira.

"Mabega yalikuwa mapana kiasi gani?"

"Tembea."

Aliendelea. "Injiniya alikuwa na nguvu. Alikuwa anatangulia, anafika kwenye kona, anageuka, ananingojea. Kila kona namukuta ananingojea, ananichekea. Na mi napanda peke yangu, nachekewa."

Nilisimama. Safari hii si kwa uchovu, lakini sheria haiulizi sababu. Ilibidi niinue mguu.

Juu hakukuwa na la kuona. Mwongoza wageni alikuwa ametuahidi mgongo wa mlima unaogawa mvua, upande huu inakwenda mto Kongo, upande ule inakwenda mto Naili. Tulikuta ukungu, na migongo ya wanaklabu wakimenya mayai ya kuchemsha. Mke wangu alinikalisha juu ya gogo lenye majimaji na kunipa mwisho wangu.

"Ule mwembamba alikuwa anasimama kila kona. Ananionyesha Kongo. Anasema, angalia mwanga ule, angalia ule mulima. Na kifua chake kinafanya hivi." Akaonyesha kwa mkono: mvukuto wa mhunzi. "Mi nilijua hana pumzi. Kongo nilikuwa nimeiona toka nizaliwe. Nikasema, mutu anayejua kudanganya hivi ili tu tusiachane njiani, na huyu sitapanda peke yangu."

Hivyo ndivyo ufasaha wangu ulivyoshinda. Mama wa vitenge alikuwa akinitazama kutoka upande wa pili wa mayai, akitikisa kichwa polepole, kama watu wanavyofanya kwenye harusi.

Ungedhani hapo wivu ungeisha. Lakini wakati wa kushuka, magoti ya yule mama yaligoma, naye akawa wa mwisho. Kapiteni akanigonga bega. "Profeseri, sasa we ni mutu wa mbele. Twende." Nikaenda. Nyuma yangu nikasikia sauti ya mke wangu, ule upole wa kazi, na ya yule mama ikimjibu, "Anzia kwa mabega, Mama Mukia."

Nilivumilia kona moja. Kwenye ya pili ukungu ulikuwa umepasuka na mashamba ya chai yalionekana chini, ya kijani hadi macho yanauma. Nikasimama. Kapiteni akapotea na vigimbi vyake. Wale wawili walipotokea, nilikuwa nimeshanyoosha mkono.

"Angalieni chai ile," nilisema. "Angalieni mwanga."

"Nimeiona," mke wangu alisema, bila kuitazama. "Tunashuka, we. Mutu hahemi akishuka."

Niliwapisha pembeni ya njia, kwa adabu zote, na muuza vitenge akapita, na mke wangu akapita, na baada yao njiani hapakuwa na mtu mwingine isipokuwa mimi, na sikuinua mguu.

Mke wangu alisimama. Alimtazama yule mama, akanitazama mimi, halafu akacheka kile kicheko na kuanza kurudi nyuma.

"Muangalie mwizi wa mukia," alisema mama wa vitenge, akaendelea kushuka pole pole, akishika mianzi.